Soma Juu, Baba

Jumanne, 25 Januari 2005

Swali lenyewe ni hili, na nimelibeba tangu nikiwa chuoni: je, kujua mtu yuko wapi ni sehemu ya kuwa naye, au ni namna tuliyoibuni ya kutokuwa naye? Sina jibu. Nina jedwali.

Nimeshinda ofisini nikiandika majina ya minara ya simu. Kila mnara una pande tatu, na kila upande unapewa jina la mahali. Simu yoyote iliyoshikwa na upande huo huonyesha jina hilo juu ya kioo chake. Leo nimefika tambarare. Mnara wa Mabogini: upande wa kusini MABOGINI, wa magharibi MABOGINI, wa kaskazini, unaotazama mlima, MABOGINI. Nimebonyeza mara tatu bila kufikiri.

Wakubwa wanataka huduma mpya ianze kabla ya Pasaka. Mteja atatuma namba ya ndugu yake, na ndugu akiridhia, mteja atarudishiwa jina la mnara uliomshika. Mkuu wangu anaiita huduma ya upendo. Niliona aibu kusikia hivyo.

Saa moja jioni nikampigia Baba, aliye Kilema, mlimani. Utaratibu ni ule ule.

"Shikamoo, Baba."
"Marahaba."
"Soma juu, Baba."

Anaisogeza simu mbali na macho. Kisha, silabi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza: "KI-LE-MA."

Basi yuko nyumbani. Nikamtakia usiku mwema. Haikufika dakika moja.

Simu yangu inasema MOSHI MJINI mchana kutwa. Hakuna mtu anayeniambia nisome juu.

Ijumaa, 28 Januari

Nimejaribu huduma yetu kwa simu kumi na mbili za wafanyakazi. Zote zimeonekana. Ya Baba haionekani, wala haitaonekana kamwe. Laini yake si yetu. Kaka yangu Deusi alimnunulia kule Dar, laini ya wapinzani wetu, kwa kuwa mnara wao wa karibu na misheni unafika hadi kwenye migomba ya Baba na wetu haufiki. Uamuzi wa busara. Mimi ndiye mhandisi wa familia na sikushirikishwa.

Kampuni tatu mkoani, teknolojia mbili, na kila moja inalinda minara yake kama mtu anavyolinda mzinga wa nyuki. Hao wa tatu, wenye teknolojia mpya, wanajigamba kwamba saa zao zinaongozwa na setilaiti na kwamba watamwona mteja hadi mlangoni kwake. Huko mlimani hawana hata mnara mmoja. Usahihi mkubwa, mahali pasipo na mtu.

Kwa hiyo mimi, ninayejenga huduma ya kumwona kila mtu, baba yangu namwona kwa kumsomesha kioo cha simu. Anaivaa shingoni kwa kamba, pamoja na rozari. Wakati mwingine huishika simu akisali.

Jumapili, 6 Februari

Kilema. Misa ya pili, kisha nyumbani kwa Baba. Ana miaka sabini na tisa. Tangu Mama afariki anaishi peke yake, na tangu mwaka juzi anasahau. Ameniita kwa jina la shangazi mara mbili. Sikumsahihisha mara ya pili.

Mama Resti, jirani yetu, ndiye anayempikia na kumtazama. Ana ulimi mkali na mikono ya upole. Alinipokea na malalamiko kabla sijaweka mkoba chini.

"Injinia umefika! Huyu baba yako kanichukulia jembe, anasema ni zamu yake ya maji. Nikamwambia, mzee, leo Jumapili, maji ni ya padri!"

Baba akacheka kuliko wote. "Yangu Alhamisi," akasema. "Alhamisi, mama."

"Ona. Majina ya wanawe yamemtoka, Alhamisi yake anayo."

Ni kweli kwamba zamu yetu ya maji ya mfongo, mfereji wa kijiji, ilikuwa Alhamisi tangu enzi za babu. Anayetaka maji hupanda mwenyewe hadi kwenye banio, pale mfereji unapoachana na mto, akatoa nyasi na matope, kisha akayafuata maji hadi kihambani kwake, shamba linalozunguka nyumba. Mwendo wa saa moja na nusu kupanda. Baba hajakwenda tangu kahawa iliposhuka bei na nusu ya mibuni ikang'olewa. Nilidhani hivyo.

Nimejaribu simu yake kila kona ya kihamba. KILEMA kwenye mibuni, KILEMA jikoni. Ukingoni mwa bonde la mto, kwa dakika moja hivi, kioo kikasema MABOGINI, kisha kikarudi. Hitilafu ndogo. Niiangalie kesho.

Nilipoondoka Baba alisimama kwenye masale, mimea inayopandwa mpakani, akapunga mkono. Sijui alikuwa akimpungia nani.

Jumatatu, 7 Februari

Mkutano kutwa. Sikuangalia.

Jumatano, 9 Februari

Nimepakwa majivu ya Kwaresima alfajiri, nikaenda nayo kazini usoni. Mkuu akadhani ni wino.

Jioni nikampigia Baba. Alikuwa na maneno, jambo la nadra. Alianza kunieleza kuhusu nyasi, kwamba nyasi zimejaa, kwamba watu wa siku hizi hawazitoi. Nilikuwa na sufuria jikoni. Nikamwambia asome juu. Akasoma. KILEMA.

Mchuzi uliungua hata hivyo.

Alhamisi, 10 Februari

Baba amepotea.

Niandike kwa mpangilio. Saa nane mchana Mama Resti alinipigia kwa simu ya dukani. Baba hajaonekana tangu asubuhi, uji wake umelala mezani. Nikampigia. Akapokea! Upepo, au maji, kelele fulani nyuma yake. Nikasikia anahema.

"Maji ni mengi leo," akasema.
"Baba, uko wapi? Soma juu. Soma juu, Baba."

Silabi moja moja: "MA-BO-GI-NI."

Akasoma vizuri kabisa. Kisha simu ikakatika. Betri, nadhani. Nimepiga tena mara nyingi, haipatikani.

Mabogini. Maji. Kwenye majaruba ya mpunga. Ikaingia akilini papo hapo: miaka ile kahawa ilipoanguka, Baba alikodi jaruba huko misimu miwili. Amepanda basi la asubuhi, amefuata kumbukumbu. Nikampigia Deusi, akakubali. Nikampigia Mama Resti nikamwambia wanaume wote wateremke Mabogini, nitawangoja stendi.

"Lakini mwanangu, leo ni Alha..."
"Mama Resti, simu imeshasema."

Hilo nililitamka. Naliandika kama lilivyo.

Nikampigia pia Gervas, tuliyesoma naye, anayefanya kazi kwa wapinzani kule Arusha. Nilitaka kumbukumbu za mnara wao. "Fili, unajua hairuhusiwi," akasema. "Hata mke wangu siwezi kumtafuta, na Mungu anajua ningependa." Hakucheka mwenyewe. Akaniambia niandike barua.

Wanaume kumi na mmoja wa Kilema wamekanyaga matuta ya mpunga hadi jua likazama. Tumeuliza kila mtu. Hakuna aliyemwona mzee mwenye simu na rozari shingoni. Naogopa mifereji mikubwa. Naogopa kila kitu.

Ijumaa, 11 Februari

Amepatikana. Yu hai.

Asubuhi tulikuwa tena Mabogini. Saa tano na dakika kadhaa nikapata ujumbe wa Gervas, bila salamu: simu ilishikwa na upande wa kaskazini wa mnara wao wa Mabogini, lakini ilikuwa mbali nao, zaidi ya kilomita ishirini. Futa ujumbe huu.

Nilisimama kwenye tuta, miguu ndani ya tope, nikageuka kaskazini. Mlima ulikuwa wazi. Kilomita zaidi ya ishirini kutoka hapo ni Kilema.

Kabla sijapiga simu, simu ikalia. Mama Resti. Hakungoja salamu.

"Tumempata kwenye banio. Kavunjika nyonga. Kalala pale usiku kucha, mwanangu, kajifunika majani ya mgomba. Mikono bado ina nyasi."

Alikwenda mwenyewe alfajiri, pamoja na binti yake Resti na wanawake wengine wawili. Wanaume wote nilikuwa nimewateremsha.

Sasa naelewa kilichotokea, na uelewa huu hauna faida. Banio liko ndani ya bonde. Kilima kinauficha mnara wa misheni, ambao uko karibu, na bonde linafunguka kusini, kuelekea tambarare. Simu ya Baba haikuusikia mnara wa jirani. Iliusikia wa mbali, kwa sababu hakuna kilichosimama kati yao ila hewa. Ikaonyesha jina lake. Baba akalisoma, kwa sababu nilimfundisha kusoma.

Jumamosi, 12 Februari

Hospitali. Nyonga itasubiri, daktari anahofia mapafu. Baridi ya huko juu si ya kulala nje katika umri ule. Nilimwuliza kama kumpata saa kumi na mbili mapema zaidi kungeleta tofauti. Akauliza, saa kumi na mbili zipi?

Deusi amefika kutoka Dar. Amenikumbatia na kusema, "Si kosa lako, ni la mtandao." Alikusudia kunifariji. Nilitaka kumpiga.

Jumanne, 15 Februari

Nilikwenda ofisini kwa saa mbili. Nimefungua jedwali. Upande wa kaskazini wa mnara wetu wa Mabogini: MABOGINI. Mkono wangu. Mtu wa wapinzani alifanya kosa lile lile kwenye jedwali lake, bila shaka na yeye akibonyeza mara tatu. Tunashindana katika mambo yote, tumefanana katika hili: hatukupanda mlimani kutazama.

Nimeandika ripoti ya kurasa nne. Kwamba jina la mnara si jina la mahali alipo mtu. Kwamba huku mlimani simu husikia mbali kuliko karibu. Kwamba huduma isitoe jina bila umbali. Mkuu amesoma ukurasa wa kwanza, akanipa pole ya dhati kuhusu Baba, akasema, "Tukichelewa, wenzetu watatutangulia."

Simchukii. Mwezi uliopita ningesema vivyo hivyo.

Alhamisi, 17 Februari

Nilipanda Kilema asubuhi, nikakata majani mawili ya isale kwenye mpaka wetu, nikayafunga fundo kama Mama alivyokuwa akifanya. Kwetu anayepelekewa isale hawezi kukataa kusamehe. Hata damu husamehewa kwa jani hilo. Nimesoma fizikia miaka minne na sikuona ajabu yoyote kuyabeba kwenye mkoba, kando ya kompyuta.

La kwanza nilimpa Mama Resti. Alilipokea kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Ungeniacha nimalizie tu sentensi."

"Ndiyo, Mama."

"Alhamisi. Neno moja lilikuwa limebaki."

Akanipa ndizi za kumpelekea Baba.

La pili nilimpelekea Baba. Alikuwa ameamka, anapumua kwa shida, macho angavu. Nikapiga goti kando ya kitanda nikampa. Alilitambua mara moja. Vidole vyake vikalishika fundo. Akaniuliza, kwa Kichagga, "Nani amekosa?"

Nikasema, mimi.

"Umekosa nini?"

Nianzie wapi? Minara? Jedwali? Nikasema, "Sikukusikiliza, Baba." Akafikiri. Akaliweka jani kifuani, mahali simu ilipokuwa ikikaa, akaniambia nimesamehewa, nirudi nyumbani kwa mume wangu. Sina mume. Alikuwa akimsamehe shangazi.

Sijui kama msamaha uliopokewa kwa niaba ya mtu mwingine unahesabika. Nimejaribu kufikiri pande zote mbili. Siku nzima.

Jumapili, 20 Februari

Baba amefariki alfajiri. Deusi alikuwa naye. Mimi nilikuwa njiani.

Alhamisi, 24 Februari

Tumemzika jana kihambani, kando ya Mama, kati ya migomba na mibuni michache iliyobaki. Watu wengi, pombe ya mbege nyingi, wimbo hadi sauti zikakauka. Wanaume wale kumi na mmoja walikuja wote. Hakuna hata mmoja aliyenitupia neno. Ningependa mmoja wao angenitupia.

Deusi amerudi Dar kwa basi la asubuhi. Ameniachia simu ya Baba. Kamba yake ina harufu ya ugoro.

Saa moja jioni mkono wangu ulikwenda kwenye simu wenyewe. Nimekaa nao mkono huo kwa muda mrefu.

Alhamisi, 3 Machi

Nimechukua likizo. Nalala kwenye chumba changu cha zamani. Leo asubuhi Mama Resti alisimama mlangoni akiwa na jembe, lile lile aliloporwa.

"Leo Alhamisi. Maji yenu. Utayafuata, au nimpe mwingine?"

Nikapanda. Sijapanda tangu nikiwa shule ya msingi, nyuma ya Baba, nikibeba chupa ya chai. Kuna mahali ambapo mfongo unapita chini ya mwamba na mtu mzima hulazimika kuinama. Nimeinama. Nikajiuliza mzee wa miaka sabini na tisa aliinama vipi hapo.

Kwenye banio kuna alama bado, majani ya mgomba yaliyokauka, yamelaliwa. Niliyaacha. Nikatoa simu ya Baba, niliyoichaji jana bila sababu ninayoweza kuitetea. MABOGINI. Nikageuka kusini. Kutoka pale tambarare yote inaonekana, mabati ya mjini, na nyuma yake majaruba yaking'aa. Kusema haki, simu haikudanganya. Ilitaja mnara ilioweza kuusikia. Sisi ndio tulioita kusikia kwake mahali.

Nyasi zilikuwa nyingi, kama alivyosema. Upande mmoja tu ulikuwa safi, urefu wa mkono mmoja na nusu hivi. Alifika hapo.

Nikiwa ndani ya maji hadi magotini, simu ya Baba ikalia. Nilishtuka nusura niiangushe. Mama Resti, kwa simu ya dukani. Namba ya Baba ndiyo pekee aliyonayo kichwani; yangu huisoma kwenye karatasi.

"Uko wapi wewe?"

Macho yangu yalikwenda juu ya kioo kwanza. Kisha nikasema, "Nipo kwenye banio, Mama. Natoa nyasi."

"Nyingi?"

"Nyingi sana. Watu wa siku hizi hawazitoi."

Akacheka. "Haya. Pole pole. Usiteleze."

Maji yamefika kihambani saa saba. Yamepita kwenye mibuni, yamezunguka kaburi, yameingia kwenye migomba. Nimeyatazama hadi mwisho.

Nirudi kwenye swali, kwa uaminifu. Sijui kama usiku ule mmoja ndio uliomwua Baba. Daktari anasema mapafu yalikuwa yamechoka kabla. Sijui kama wangempata Alhamisi ile ile. Mama Resti anasema ukungu ulishuka mapema na huenda naye angegeuza njiani, lakini namshuku kwamba anasema hivyo kwa kunihurumia. Sijui kama kujua mtu alipo ni kuwa naye. Kwa muda nilifikiri jawabu ni hapana. Kisha nikakumbuka kwamba jioni zote zile, kwa sekunde chache, alikuwa akinisomea, na mimi nilikuwa nikimsikiliza, na pengine yeye aliona hayo ni mazungumzo.

Hayo nisingeweza kuyapima. Ningeweza kumwuliza tu. Ila wa kuulizwa alikuwa mmoja, na mimi nilikuwa nimemfundisha kujibu swali jingine.